Kambi Gani Hasa? Kuitazama Auschwitz Kupitia Kioo cha Kompyuta

"Mjomba, mbona panafanana na shule ya bweni?"

Swali hilo aliniuliza mpwa wangu wa kidato cha tatu, tulipokuwa tumeketi mbele ya kompyuta tukiizungukia Auschwitz, kambi ya wakati wa vita vya pili vya dunia, kwa njia ya mtandao. Mbele yetu yalionekana majengo ya matofali mekundu yenye ghorofa moja juu, yamepangwa kwa safu zilizonyooka, na miti mirefu kandokando ya njia. Mtu asiyeambiwa kitu angedhani kwamba kengele italia wakati wowote na wanafunzi watatoka kwenda bwaloni. Sikumkemea, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki kuliko mengi ninayoyasoma katika makundi ya WhatsApp kila inapokaribia tarehe 27 Januari, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2005 kuwa ya kuwakumbuka waliouawa katika Maangamizi ya Wayahudi, yaani mauaji yaliyofanywa na Ujerumani ya Hitler katika vita hivyo. Anwani ya ziara hiyo hupita kutoka simu hadi simu, na nyuma yake hufuata maneno. Mmoja husema picha zimetengenezwa na kompyuta. Wa pili husema hapo ndipo walipouawa Wayahudi wote milioni 6. Wa tatu huuliza kwa nini watu wa Poland walijenga kambi hiyo. Na wa nne husema kambi ni kambi tu, hata kwetu zipo.

Huyo wa nne ndiye wa kuanza naye, kwa kuwa mkanganyiko wa hao wengine umejificha ndani ya neno lake.

Neno moja, mizigo mingi

Kiswahili kimelitwika neno kambi mizigo mingi. Timu ya mpira huingia kambini kabla ya mechi, wanajeshi wana kambi zao, wakimbizi wa Kakuma, Dadaab na Nyarugusu wanaishi kambini, madaktari wa macho huweka kambi wilayani kwa juma moja, na hata katika siasa tunasema fulani yumo katika kambi ya fulani. Wazo linaloyaunganisha matumizi hayo ni dogo sana, nalo ni watu kuwa pamoja mahali fulani kwa muda au kwa jambo. Neno lenyewe halina ubaya wowote, ndiyo maana tunapotafsiri habari za Dachau au Auschwitz tunalazimika kulifunga mkia: kambi ya mateso, kambi ya mauaji, kambi ya kazi za kulazimishwa, kambi ya wafungwa wa vita. Taabu ni kwamba mikia hiyo hutumiwa kana kwamba ni visawe, ilhali kila mmoja una habari yake.

Kambi ya mateso ni mahali ambapo serikali huwafungia watu wengi bila kuwafikisha mahakamani, na kinachomfunga mtu humo ni kundi analohesabiwa kuwa lake, hata kama hakuna kosa lililothibitishwa juu yake. Mlinganishe na mfungwa wa gereza la kawaida. Mfungwa wa gereza amesomewa shtaka, ana hukumu yenye idadi ya miaka, na hata gereza likiwa bovu namna gani anaweza kukwaruza ukutani siku zilizobaki. Aliyemo katika kambi ya mateso hana cha kuhesabu, kwa sababu hakuna hakimu aliyesema atatoka lini. Humo watu walikufa kwa njaa, kipigo, maradhi na kazi, na wengi walipigwa risasi. Lakini kambi iliwahitaji wawe hai kwa muda, ili wafanye kazi au waogopeshe wenzao walio nje.

Kambi ya mauaji ni kitu kingine kabisa. Haikujengwa ili kumweka mtu. Treni ilifika, watu wakateremshwa, na kabla ya siku kwisha karibu wote walikuwa wameuawa kwa gesi. Mahali kama hapo hapahitaji mabweni mengi wala jiko kubwa, kwa sababu hakuna anayetarajiwa kulala wala kula. Treblinka, Bełżec, Sobibór na Chełmno zilikuwa za namna hiyo, na zote zilikuwa katika ardhi ya Poland iliyotekwa na Wajerumani. Kambi za mateso ndani ya Ujerumani yenyewe, kama vile Dachau iliyofunguliwa tarehe 22 Machi 1933 kwa ajili ya wapinzani wa kisiasa, ni za kundi lile la kwanza.

Atakayetaka kuona jinsi neno hili moja linavyoweza kubeba mambo yanayopingana na aende Tengeru, karibu na Arusha. Kuanzia mwaka 1942 paliishi hapo raia wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, ambao Wasovieti walikuwa wamewahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu, na ambao baada ya kuachiwa walisafiri kupitia Uajemi hadi Afrika Mashariki. Walikuwa na shule, kanisa na bustani, na makaburi ya waliofia hapo yangali yakitunzwa. Hapo pia paliitwa kambi. Katika miaka hiyohiyo, watoto wa nchi hiyohiyo waliobaki nyumbani walikuwa wakiingizwa katika mahali pengine palipoitwa kambi.

Wala tusidhani kwamba kuwafungia watu wa kundi zima kulianzia kwa Hitler. Waingereza waliwafungia wake na watoto wa Makaburu katika vita vya Afrika Kusini vya mwaka 1899 hadi 1902, na wakafa takriban 28,000; katika kambi tofauti zilizowekewa Waafrika weusi walikufa wasiopungua 14,000, ambao kwa muda mrefu hawakupewa hata aya moja vitabuni. Wajerumani waliwafungia Waherero na Wanama katika kisiwa cha Shark Island huko Namibia kati ya mwaka 1905 na 1907. Nchini Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, maelfu kwa maelfu walizuiliwa katika kambi kama Manyani bila hukumu, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Kwa hiyo msemaji wetu wa nne hakukosea aliposema hata kwetu zipo. Alikosea aliposema kambi ni kambi tu.

Auschwitz zilikuwa tatu

Chanzo kikubwa cha kuchanganyikiwa kuhusu Auschwitz ni kwamba palikuwa mahali pa aina zote mbili kwa wakati mmoja, na tena si mahali pamoja.

Ya kwanza, ambayo wanahistoria huiita Auschwitz I, ndiyo ile iliyomshangaza mpwa wangu. Ilikuwa kambi ya jeshi la Poland kabla ya vita, pembeni mwa mji wa Oświęcim kusini mwa nchi hiyo, na Wajerumani waliigeuza kuwa kambi ya mateso mwaka 1940. Kwa hiyo jibu la swali lake ni jepesi: panafanana na shule ya bweni kwa sababu palijengwa kuwa mabweni ya askari. Ubaya haukuja na majengo. Uliyakuta majengo yamesimama, ukahamia. Wafungwa 728 walioletwa kwa treni ya kwanza kutoka Tarnów, tarehe 14 Juni 1940, walikuwa karibu wote Wapolandi, wengi wao wafungwa wa kisiasa.

Ya pili ni Birkenau, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa mwaka 1941 umbali wa kilomita 3 kutoka ile ya kwanza, kwenye kijiji cha Brzezinka ambacho wenyeji wake walifukuzwa. Hapa ndipo palipojengwa vyumba vikubwa vya gesi na tanuri za kuchomea maiti. Ya tatu ni Monowitz, kambi ya wafanyakazi wa lazima wa kiwanda cha kampuni ya IG Farben. Kuzizunguka tatu hizo palikuwa na kambi ndogo zaidi ya 40, mashambani, migodini na viwandani.

Walioletwa Auschwitz kwa jumla ni watu wapatao milioni 1.3, na waliouawa au kufia humo ni kama milioni 1.1. Kati yao karibu milioni 1 walikuwa Wayahudi, 70,000 hadi 75,000 walikuwa Wapolandi wasio Wayahudi, takriban 21,000 walikuwa Waroma na Wasinti, wale ambao zamani dunia iliwaita majipsi, na karibu 15,000 walikuwa askari wa Kisovieti waliotekwa vitani. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam unachukua watazamaji 60,000. Ujaze mpaka kiti cha mwisho, uutoe watu wote, uujaze tena, na ufanye hivyo mara kumi na nane; bado hujafika.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu wengi hawalijui, nami nililijua nikiwa nimekwisha kusoma mengi. Wafungwa walioandikishwa na kupewa namba walikuwa takriban 400,000 tu. Wengine wote, karibu 900,000, walitoka kwenye treni wakaenda kwenye gesi bila kuandikwa popote kambini. Picha tuliyonayo vichwani ya mfungwa mwenye nguo za milia na namba iliyochanjwa mkononi ni picha ya wachache waliopata nafasi ya kuishi kidogo. Bibi aliyefika na wajukuu wake watatu hakuvaa nguo za milia hata siku moja.

Ziara yenyewe ni kitu gani?

Ziara ya mtandaoni iliyowekwa na makumbusho ya Auschwitz-Birkenau haikuchorwa kwa kompyuta. Ni mkusanyiko wa picha halisi zaidi ya 200 za namna inayoitwa panorama. Kamera husimamishwa mahali pamoja, hupiga pande zote, juu na chini, kisha vipande huunganishwa kama fundi cherehani anavyounga vitambaa mpaka mshono usionekane. Ukiivuta picha kwa kidole unageuka, lakini hutembei. Ukitaka kwenda mbele unaruka kutoka kituo kimoja hadi kingine, mithili ya abiria anayeona mji kwenye vituo vya daladala peke yake. Kando ya picha kuna maelezo, ushuhuda wa manusura, na picha za kale. Ipo teknolojia nyingine, inayoitwa uhalisia pepe, ambayo huweza kulijenga upya jengo lililokwisha kubomoka na kukutembeza ndani yake; hiyo ndiyo ingestahili swali la kwamba imetengenezwa na kompyuta, na ni vyema mtu aangalie kwanza anatazama ipi kati ya hizo mbili.

Faida ya ziara hii kwa mtu aliye Kigoma au Lamu haihitaji kuelezwa. Nauli ya ndege kwenda Kraków na visa ya Ulaya si vitu vya kuvitaja kwa wepesi. Hasara zake ni za kimya zaidi. Ya kwanza ni umbali. Kutoka Auschwitz I kwenda Birkenau nilibonyeza mara moja. Kutoka lango la Birkenau hadi magofu ya vyumba vya gesi nilibonyeza mara chache nikafika, wakati aendaye kwa miguu hutembea karibu kilomita nzima juu ya changarawe. Eneo la Birkenau linalohifadhiwa ni hekta 171, sawa na viwanja vya mpira zaidi ya 200, na ukubwa huo ndio uliokuwa hoja ya wajenzi wake, kwamba kazi iliyokusudiwa ni kubwa. Kioo cha kompyuta kinaukunja ukubwa huo ukaenea mezani.

Ya pili ni utupu. Katika picha hizo hakuna mtu, au wapo wageni wachache kwa mbali. Nyasi ni za kijani na anga ni la buluu. Mwaka 1944 Birkenau ilikuwa na wafungwa karibu 90,000 kwa wakati mmoja, na manusura husimulia matope, si nyasi. Mabanda ya mbao tunayoyaona yalibuniwa yawe mazizi ya farasi 52 kila moja, na humo walilazwa watu zaidi ya 400. Mpwa wangu alihesabu vitanda vya ghorofa tatu vilivyomo ndani ya banda moja, akasema vinatosha. Nikamwambia kwamba kila ghorofa ya kitanda ililaliwa na watu kadhaa, akaacha kuhesabu.

Kilicho cha asili na kilichorudishwa

Hapa ndipo wapotoshaji wanapopata chakula chao, kwa hiyo tuende taratibu.

Bango la chuma juu ya lango la Auschwitz I, lenye maneno ya Kijerumani yanayosema kwamba kazi huleta uhuru, liliibwa Desemba 2009 likiwa limekatwa vipande. Lilipatikana baada ya siku chache, na tangu hapo la asili linahifadhiwa ndani huku nakala ikining'inia mahali pake. Chumba cha gesi kilichomo katika kambi hiyo ya kwanza kiligeuzwa na Wajerumani wenyewe kuwa handaki la kujikinga na mabomu, na baada ya vita makumbusho yalirudisha baadhi ya sehemu zake, zikiwamo tanuri na dohani, kwa kutumia vipande vya asili vilivyopatikana. Makumbusho hayafichi jambo hilo. Lakini kila mwaka hutokea mtu anayelitangaza kama siri aliyoifichua, akahitimisha kwamba basi hakukuwa na gesi kabisa. Hoja hiyo ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa paa la msikiti wa kale limeezekwa upya, hakuna aliyewahi kusali humo.

Vyumba vikubwa vya Birkenau havikurudishwa. Kimoja kiliharibiwa katika uasi wa wafungwa waliolazimishwa kufanya kazi humo, tarehe 7 Oktoba 1944. Viwili vililipuliwa na askari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, tarehe 20 Januari 1945, juma moja kabla ya Jeshi Jekundu la Wasovieti kufika, na kingine siku moja tu kabla. Mwenye duka hachomi daftari lake la mahesabu usiku wa kuamkia siku ya mkaguzi bila sababu. Vifusi vya vile viwili vilivyolipuliwa siku moja vimeachwa vilivyoangukia, na kwa maoni yangu ndivyo vituo viwili muhimu kuliko vyote katika ziara hii, ingawa wengi huvipita haraka kwa kuwa havina cha kutazama zaidi ya zege lililopasuka.

Kosa lingine ni la macho. Katika Birkenau utaona dohani nyingi zimesimama peke yake uwanjani kwa safu, na wengi huziashiria wakisema hapo ndipo maiti zilipochomwa. Sivyo. Hizo ni mabaki ya mabanda ya mbao yaliyokuwa na majiko ya kupashia joto. Mbao ziliondolewa baada ya vita zikatumike kwa ujenzi mahali pengine, matofali yakabaki. Hivyo kila penye dohani hizo pahesabu kuwa palikuwa na banda, na kila banda ulijaze wale watu mia nne. Vilevile ile reli mashuhuri inayopita chini ya lango na kuingia ndani ilikamilika Mei 1944 tu, kwa ajili ya Wayahudi wa Hungaria, ambao zaidi ya 400,000 kati yao waliletwa katika majuma kama nane. Waliofika kabla ya hapo waliteremshwa nje ya kambi, mahali ambapo wageni wengi hawafiki, kwa kioo wala kwa miguu.

Kuhusu hesabu, kuna jambo la kukiri. Kwa miaka mingi mabamba ya kumbukumbu ya Birkenau yalisema waliouawa hapo ni milioni 4, idadi iliyotokana na tume ya Kisovieti ya mwaka 1945. Mabamba hayo yaliondolewa mwaka 1990, kisha mwanahistoria wa makumbusho, Franciszek Piper, akachapisha hesabu ya milioni 1.1. Hesabu yake ilifuata njia ambayo kondakta yeyote wa basi angeielewa: jumlisha waliopandishwa katika kila nchi kwa mujibu wa orodha za usafirishaji, kisha toa walioteremshwa kwingine, yaani waliohamishiwa kambi nyingine, walioachiwa na waliotoroka. Wanaokanusha husema kwamba ikiwa milioni 4 imekuwa milioni 1.1, basi milioni 6 nayo ipungue. Hawaelezi kwamba wanahistoria wa Magharibi hawakuwahi kuitumia ile milioni 4 kupata jumla ya milioni 6; jumla hiyo ilipatikana kwa kulinganisha idadi ya Wayahudi wa kila nchi kabla na baada ya vita, na kwa nyaraka za Wajerumani wenyewe.

Na yule wa tatu aliyeuliza kwa nini Wapolandi walijenga kambi hiyo? Jambazi huvunja nyumba ya mtu, humfungia mwenye nyumba chumbani, hufanyia humo uovu wake, kisha majirani huuita uovu huo kwa jina la mwenye nyumba. Ujerumani iliivamia Poland Septemba 1939 na kulitia eneo la Oświęcim ndani ya mipaka yake. Kwamba walikuwapo Wapolandi waliowasaliti majirani zao Wayahudi ni kweli, na walikuwapo waliowaficha wakauawa pamoja nao. Lakini kambi zilikuwa za serikali ya Ujerumani, zikajengwa kwa amri yake na kuendeshwa na kikosi chake cha SS. Mwaka 2007, kwa ombi la Poland, UNESCO ililibadilisha jina rasmi la mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia ili litaje wazi kwamba ilikuwa kambi ya Wanazi wa Ujerumani.

Mahali pasipo na ziara

Sasa turudi kwa yule wa pili, aliyesema kwamba milioni 6 wote waliuawa Auschwitz. Waliouawa hapo ni kama mmoja kati ya kila sita. Wengine, kati ya milioni 1.5 na 2, walipigwa risasi kandokando ya vijiji vyao, kama ilivyotokea Babi Yar karibu na Kyiv, ambako Wayahudi 33,771 waliuawa kwa siku mbili, tarehe 29 na 30 Septemba 1941. Wengine walikufa kwa njaa na maradhi katika mitaa iliyozungushiwa kuta. Treblinka peke yake iliwaua watu zaidi ya 800,000, karibu sawa na Auschwitz, kwa muda wa miezi kumi na mitano hivi.

Basi kwa nini kila mtu anaijua Auschwitz? Mvua kubwa zinapofurika mtoni na kubomoa mtaa, mpiga picha wa gazeti hufika asubuhi akapiga nyumba zilizobakiwa na ukuta mmoja, mlango, kabati lenye tope. Nyumba zilizozolewa zote hazipigi picha, kwa sababu anachokiona hapo ni mchanga mtupu, na huenda asijue kama palikuwa na nyumba. Treblinka, Bełżec na Sobibór zilibomolewa na Wajerumani wenyewe kabla vita havijaisha, na Treblinka na Bełżec udongo ulilimwa na kupandwa, pakajengwa na nyumba ya mkulima ili pafanane na shamba. Manusura wa Treblinka hawakufika hata mia. Wa Bełżec wanahesabika kwa vidole. Leo Treblinka kuna uwanja wenye mawe 17,000 yaliyosimamishwa. Auschwitz ina majengo, nyaraka, viatu 110,000 na makumi ya maelfu ya manusura kwa sababu sehemu yake moja ilikuwa kambi ya kazi, na kambi ya kazi huacha watu na vitu. Ziara ya mtandaoni ni ziara ya kile ambacho wauaji hawakuwahi kukimaliza. Anayeipima historia kwa wingi wa picha zilizopo atawasahau waliokufa mahali pasipobaki kitu cha kupiga picha.

Nami nilipofika hapo nilijiuliza habari ya kamera yenyewe. Picha za zamani zinazowekwa kando ya panorama nyingi zimetoka katika albamu ya picha karibu 200 zilizopigwa na askari wa SS mwaka 1944, Wayahudi wa Hungaria wakiteremka kwenye treni. Iliokotwa na Lili Jacob, manusura aliyewaona ndugu zake mwenyewe ndani yake. Mpigaji alisimama upande wa wenye bunduki, na watu wanamtazama wasijue. Ziko nyingine 4 tu, zilizopigwa kwa siri Agosti 1944 na wafungwa waliolazimishwa kufanya kazi kwenye tanuri, filamu ikatoroshwa ndani ya tyubu ya dawa ya meno. Zimepinda, hazikulenga vizuri, na moja yake haionyeshi chochote zaidi ya matawi ya miti. Panorama ya leo, iliyo safi na iliyonyooka, inafanana na zile za askari kwa ustadi wake, na hilo si kosa la mpiga picha wa leo. Lakini mtazamaji anayezitafuta zile nne kabla ya kuanza ziara huyatazama majani ya Birkenau kwa jicho lingine.

Mpwa wangu aliniuliza mwishoni kama alikuwapo mtu wa kwetu. Auschwitz sikuweza kumtajia. Lakini katika Sachsenhausen, kambi ya mateso iliyojengwa mwaka 1936 huko Oranienburg kaskazini mwa Berlin, ambako walifungiwa watu zaidi ya 200,000, alikuwapo mtu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Akiwa bado mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika vita vya kwanza vya dunia, akafuata Berlin malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, asilipwe. Alibaki huko akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza katika filamu, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili katika chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambini bila kesi, na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Hakuuawa kwa gesi, hakuwa Myahudi, na hakuna hakimu aliyemwambia atatoka lini. Tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba nyeupe kwa kumbukumbu yake kwenye njia ya waendao kwa miguu, mtaa wa Brunnenstraße jijini Berlin, mbele ya nyumba aliyoishi.

Kijana alifungua daftari lake la historia, akauliza kama Husen huandikwa kwa s moja au mbili. Nikamjibu kwamba Wajerumani walimwandika kwa moja.